Usimsemee mhusika wa mwenzio

Nimeadimika hapa kibarazani, najua, na kuna wadau wameniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Kilosa msibani, na nimerudi na jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Ni habari ya daftari. Yaani kaunta buku ya kwaya mbili, ile ambayo kila aliyesoma bweni anaijua.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha tatu, shule moja ya bweni wilayani Kilosa (jina siitaji, mliosoma nami mnaijua). Usiku tulikuwa na prepo, na hesabu zikishatushinda, mimi na wenzangu wanne tulikuwa na mchezo wetu. Kila mmoja alichagua mtu wa kumwigiza, ila hatukuigiza kwa mdomo wala kwa mwili, maana mwalimu wa zamu alikuwa akipita dirishani. Tuliigiza kwa kuandika. Unaandika ukurasa wako kama huyo mtu wako, anachoona, anachosema, anachofanya, halafu unapitisha daftari chini ya dawati kwa anayefuata. Naye anaandika kama mtu wake. Likizunguka watu watano, linarudi kwako.

Hadithi yote ilitokea usiku mmoja pale Mikumi, kwa hiyo mchezo tukauita "Mikumi" basi. Wakati ule sikujua kwa nini mahali pale palitufaa sana. Sasa najua. Ukienda Iringa, Mbeya, Zambia, lazima upite. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kilomita kama 50, ukitoka humo umechoka kuhesabu swala na umeanza kuota chipsi. Ukielekea Kidatu na Ifakara unakunja pale pale. Malori ya mizigo yanalala. Kwa hiyo dereva, mama lishe, askari wa wanyamapori, mkulima na mfugaji wanaweza kukutana usiku mmoja bila mwandishi kuwaburuta kwa kamba. Hao ndio walikuwa wahusika wetu. Mkulima nilikuwa mimi.

Kurasa za mwanzo zilikuwa mbaya jamani, mbaya! Dereva alipiga majambazi kumi peke yake. Askari alikaba simba koo. Mama lishe (aliyeigizwa na mvulana, na tulimcheka mpaka tukachoka) akaja kugundulika kuwa ni mtoto wa rais aliyepotea. Na mimi nakumbuka sentensi yangu moja: "Mkulima akawapiga wote, wakakimbia." Wote akina nani? Hao wanne wenzangu! Kila mtu alikuwa shujaa na hakuna aliyekuwa anasoma ukurasa wa mwenzake. Ulikuwa unafunua haraka haraka kutafuta mahali pa kuandika, ukimaliza unapitisha, unasubiri likuzungukie. Watu watano, hadithi tano, daftari moja.

Aliyetuokoa ni huyo huyo mama lishe. Alikuwa mpole sana, anatoka Kilosa mjini, na familia yao ilikaa kwenye mahema baada ya mto Mkondoa kufurika Desemba 2009 na Januari 2010. Hakuwa mtu wa kulizungumza hilo. Usiku mmoja akaandika ukurasa mfupi kuliko zote. Mama lishe amebakiwa na sahani mbili za wali. Mbele yake wamesimama watu wanne. Anamgeukia dereva, anamuuliza, "Wewe unakula, au unampisha huyu?" Akaishia hapo, akapitisha daftari.

Dereva wetu alishika peni akakaa kimya dakika kumi. Nakumbuka nilimpiga teke chini ya meza aharakishe. Hakuweza kuharakisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa ameulizwa kitu. Akimpisha mwenzake, anaendesha na njaa mpaka Morogoro. Akila, sisi wote tumemwona. Mwishowe dereva alikula. Akala huku ametupa mgongo. Ukurasa mzuri sana ule, na uliandikwa na mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa anapiga majambazi kumi.

Baada ya hapo mchezo ulibadilika wenyewe. Hakuna aliyekaa akatunga kanuni, tuliona tu kwamba ukurasa unaoacha mlango wazi kwa anayefuata ndio unaosubiriwa, na ukurasa unaofunga kila kitu unamwachia mwenzio kazi ya kuitikia "ndiyo" tu. Tukaanza kuwaacha wahusika wetu washindwe. Tukaanza kusoma! Mtu akisema ukurasa wa kumi na mbili kwamba ana kidonda mguuni, ukurasa wa ishirini akikimbia tunamkatalia.

Na tulikuwa wakali kwenye ukweli wa mambo. Siku moja askari aliandika kwamba ametoka Kilosa mjini akafika Mikumi kwa nusu saa. Zogo! Ile njia ya vumbi ya kupitia Ulaya, wakati wa masika, nusu saa? (Ndiyo, kuna mahali panaitwa Ulaya, ndani ya wilaya ya Kilosa kabisa. Nimetaniwa nayo sana mjini: "Kaka, kumbe umeshafika Ulaya?") Tulimfutia ukurasa mzima. Dereva naye baba yake aliwahi kuwa utingo, kwa hiyo ukikosea habari za injini au breki unarudishiwa daftari. Nimefanya kazi kwenye vyumba viwili vya habari tangu wakati huo, sijapata mhariri mkali kama wale vijana wanne.

Nilipofika chuo ndipo nikajua kwamba kumbe dunia nzima ina mchezo huu. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, watu wanazunguka meza na kila mmoja ana mhusika wake. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, akaanza kutengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ndani ya kompyuta, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Hakuna picha. Unasoma uko wapi, unaandika unafanya nini. Na wale wanaopenda kuandikiana hadithi kwa zamu wana mwiko mmoja mkubwa kuliko yote: mhusika wa mwenzio humwandikii. Unaweza kuandika kwamba umerusha ngumi. Kama imempata au ameikwepa, hiyo ni zamu yake kuandika.

Nilipousoma mwiko huo nilikaa nimeduwaa. Sisi tulikuwa tumeufikia peke yetu kule Kilosa, bila kuuandika popote. Na aliyeuvunja ni mimi.

Mfugaji aliigizwa na rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, Mparakuyo. Mfugaji wake alikuja Mikumi kumtafuta maksai mwekundu ambaye alidhani amepakiwa kwenye lori. Basi. Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakuwa na mkuki wa ajabu, hakuwa na nguvu za giza. Kila zamu yake alimwendea mtu mmoja na kumuuliza kuhusu yule maksai, na mtu huyo ilibidi aamue: amemwona? Anasema kweli? Anadanganya kwa nini? Askari alidanganya kwa sababu alikuwa amelala lindo. Mama lishe alimwona ila alimwogopa mwenye lori. Hadithi nzima ikawa inatembea kwa miguu ya ng'ombe ambaye hatujawahi kumwona. Nasema bila unafiki, kati yetu watano yeye ndiye alikuwa bora, na nadhani nililijua hilo wakati ule ule, na lilikuwa linaniuma.

Mkulima wangu alikuwa na shamba la mahindi lililoliwa na ng'ombe. Ilikuwa lazima wale wawili wakutane.

Sasa, kwa wadau ambao hawaijui Kilosa. Ugomvi wa wakulima na wafugaji kwetu si mada ya semina. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji dhidi ya wakulima. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nimekua nikisikia majina ya waliokufa yakitajwa jikoni. Na rafiki yangu naye amekua akisikia mambo upande wao, ng'ombe waliokamatwa, faini, watu waliopigwa barabarani kwa sababu ya shuka walilovaa. Darasani hatukuwahi kuligusa. Tulikopeshana ndoo, tulikula makande sahani moja. Daftari ndilo lilikuwa mahali pekee ambapo mkulima na mfugaji wangeweza kuonana uso kwa uso na asiumie mtu.

Usiku ule zamu ilikuwa yangu. Mfugaji alikuwa amefika mlangoni kwa mkulima na kusema hodi. Mlango wazi kabisa, nimeachiwa mimi. Nikaandika kurasa tatu bila kupumua. Nikaleta wanakijiji kutoka gizani, na mapanga. Nikamuua. Na hilo halikutosha, nikamwandikia maneno ya mwisho. Nikamfanya alie, nikamfanya aombe msamaha, nikamfanya aseme kwamba wafugaji ni watu wabaya na wanastahili yanayowapata.

Daftari lilizunguka. Askari alicheka. Dereva akagonga dawati, "Duh, umemmaliza!" Likafika kwa mwenyewe.

Alisoma. Akarudi nyuma akasoma tena. Akachukua peni akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akafungua kitabu cha Baiolojia. Mstari wenyewe ulisema: "Mimi sijasema hivyo."

Hakununa. Asubuhi alinisalimia kama kawaida, ndoo yake akaniachia kama kawaida. Ila hakucheza tena. Na mchezo haukudumu wiki mbili, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuulizia maksai, na wengine walianza kuuana ovyo, wakafufuka, wakauana tena. Msako wa bwenini ulipopita, mwalimu wa nidhamu alilichukua daftari. Mimi nilishukuru kimoyomoyo.

Nimejiuliza sana nilijifunza wapi kumfanyia mtu vile. Jibu moja ninalo na mtanicheka: ngonjera. Shule ya msingi nilikuwa bingwa wa ngonjera! Mathias Mnyampala ndiye aliyezieneza, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka 1969. Kazi nzuri, na ilikuwa na shabaha yake ya kufundisha, sina ugomvi nayo. Lakini angalia tulivyozipanda jukwaani. Huyu ni mwerevu, yule ni mjinga. Mjinga anapewa beti mbili tatu za ubishi, halafu ubeti wa mwisho anakubali, anashukuru, anajuta. Nani kamwandikia ajute? Mtu yule yule aliyemwandikia mwerevu. Ukikulia humo unazoea kwamba anayekupinga yupo ili mwishoni akuambie ulikuwa sahihi. Mimi nilimpa mfugaji ubeti wa mwisho wa ngonjera.

Kuna kisa anachokisimulia Augusto Boal, mtu wa tamthilia wa Brazil. Mwaka 1973 alikuwa Peru kwenye mradi wa kisomo. Waigizaji wake waliigiza tatizo la mwanamke mmoja na mumewe, wakawauliza watazamaji afanye nini. Mama mmoja mnene akatoa ushauri. Mwigizaji akauigiza. Mama akasema, sivyo. Akaeleza tena, wakaigiza tena, akasema bado sivyo. Mwishowe Boal akamwambia, basi panda jukwaani utuonyeshe mwenyewe. Akapanda, na alichokifanya hakikufanana hata kidogo na walichokuwa wanakiigiza kwa niaba yake. Boal alikuwa na nia njema kabisa, na bado alikuwa anakosea, mpaka mwenye maneno aliposimama mwenyewe. Huku kwetu miaka ya 1980 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza, Msoga huku Pwani, na wanakijiji wakatunga na kuigiza matatizo yao wenyewe. Nadhani walikuwa wameona jambo hilo hilo.

Basi, nirudi msibani. Amefariki babu yangu mdogo. Nilipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kwenda hadi Dodoma mwaka 2024, na bado sijaizoea. Nikafika kwenye kilio na watani wameshaanza kazi.

Vijana wa mjini wengi mnajua utani wa mpira na wa makabila kwenye daladala. Utani wa msibani kwa Wakaguru na majirani zao ni kitu kingine. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguruni mwishoni mwa miaka ya 1950, aliuandikia makala nzima mwaka 1966. Mtani wetu mmoja, bibi wa makamo, alivaa koti la marehemu, akavaa na kofia yake, akachukua fimbo. Akatembea kama yeye. Akakohoa kama yeye, kile kikohozi cha kuingia ndani kabla hajabisha hodi. Akaanza kudai watu madeni kwa sauti ya babu. Watu wanalia, watu wanacheka, machozi ni yale yale.

Mimi nilikaa kwenye mkeka namwangalia kama mwanafunzi. Alimwendea bibi yangu mjane, akasimama, akasema kwa sauti ya mumewe, "Chai yangu iko wapi?" Halafu akanyamaza. Akasubiri. Pale uani palikuwa kimya. Bibi akamwangalia, akasema, "Kunywa maji, sukari uliimaliza jana." Watu wakaangua kicheko, na bibi akacheka, mara ya kwanza tangu azikwe mzee. Nina hakika kama bibi asingejibu, yule mtani angeondoka zake aende kwa mwingine. Hakumlazimisha, wala hakumjibia.

Jioni nilimfuata, nikamwamkia, nikamuuliza anajuaje la kusema na la kutosema. Akanishangaa kidogo. "Mjukuu wangu, yule nilimsikia miaka arobaini. Ambalo sikulisikia, silisemi."

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa na rafiki yangu dawati moja mwaka na nusu, na sikuwahi kumuuliza hata swali moja kuhusu kwao. Na kibaya zaidi, nikaanza kukumbuka habari nilizoandika kama mwandishi. Ipo moja, ugomvi wa shamba, ina wakulima watatu wanazungumza, mkuu mmoja wa serikali, na mwishoni sentensi yangu: wafugaji hawakupatikana kuzungumzia suala hilo. Nilipiga simu mara moja. Haikupokelewa, nikaandika hivyo, nikaenda kula.

Namba ya rafiki yangu niliipata kwa watu. Ana duka la dawa za mifugo siku hizi, amenenepa. Alinipokea vizuri, akaagiza soda, na nikamwomba radhi kwa jambo la mwaka 2011, nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda posa. Akacheka mpaka mteja akageuka.

"Aisee, wewe bado una lile daftari kichwani?"

Nikamwambia ninalo. Nikamuuliza, yule mfugaji pale mlangoni, kama ningemwachia zamu yake, angesema nini?

Alifikiri kidogo. "Angekuuliza ni debe ngapi."

"Debe za nini?"

"Za mahindi. Ng'ombe wakila shamba la mtu, kwetu kitu cha kwanza mnahesabu. Hakuna kulia pale, wala kupigana. Ningekuja na mzee mmoja, tuhesabu pamoja. Wewe ungenidanganya idadi, na mimi ningejua unanidanganya, na yule mzee angejua kwamba najua. Hapo ndipo ingekuwa tamu! Nilikuwa nimeshaipanga, wewe ukaja na mapanga yako."

Kurasa zangu tatu za damu, na mwenzangu alikuwa na debe za mahindi mfukoni.

Tumeanza tena, wawili tu, kwa meseji. Ameanza yeye. Mfugaji wake amekuja mlangoni na mzee, wamekaa kwenye gogo nje, wamekunywa maji, na ameuliza ni debe ngapi. Meseji iliingia Ijumaa na mpaka leo sijajibu. Shamba langu mimi najua lilikuwa na debe sita. Ila mkulima wangu ana watoto wa shule, na yule mzee ameinama anachora chini kwa kijiti, haniangalii. Nafikiria kusema nane.